Je, Roketi Hutumia Mafuta? Fueli, Kioksidishaji na Kisukumizi katika Safari za Anga

Sentensi "roketi ilijazwa mafuta, kisha ikaruka" haina kosa la sarufi, na msomaji wa gazeti huielewa bila taabu. Hata hivyo, huacha nje sehemu kubwa ya kile kilichojazwa. Hatua ya kwanza ya Saturn V, roketi ya Marekani iliyowapeleka binadamu Mwezini kati ya 1968 na 1972, ilibeba takriban lita 770,000 za mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa namna ya pekee. Pamoja nayo ilibeba takriban lita 1,200,000 za oksijeni ya kimiminika. Oksijeni si mafuta, wala yenyewe haiungui. Na kwa tungamo ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mafuta hayo. Mfasiri aliyeandika "mafuta" peke yake ametaja fungu dogo na kulificha lililo kubwa.

Tofauti hii haiishii katika unadhifu wa istilahi. Neno likikosewa, taarifa ya ajali hubadilika maana, onyo la usalama hupotosha, na mwanafunzi hujifunza kemia isiyo ya kweli. Makala haya yanaeleza jinsi vitu vinavyosukuma roketi vinavyochaguliwa, vinavyohifadhiwa na vinavyotumiwa, na katika kila hatua yanaonyesha neno la Kiswahili linaloibeba maana sawasawa.

Maneno na mipaka yake

Katika matumizi ya kila siku, mafuta ni kitu cha majimaji au laini chenye utelezi: mafuta ya nazi, ya ufuta, ya kujipaka. Kutoka hapo neno limepanuka likajumuisha petroli na dizeli. Ndiyo maana husemwa kituo cha mafuta, bei ya mafuta na gari limeishiwa mafuta. Lakini kuni na mkaa havimo ndani ya neno hili, ingawa kazi yake jikoni ni ileile ya kuungua na kutoa joto. Kwa dhana hiyo pana, lugha ya sayansi hutumia neno fueli. Kuni ni fueli bila kuwa mafuta. Mafuta ya nywele ni mafuta, lakini hakuna anayeyanunua kama fueli.

Fueli pekee haitoshi kuleta moto. Mpishi wa jiko la mkaa analijua jambo hili mkononi: moto ukififia, hupepea. Mkaa haujaongezeka; kilichoongezeka ni hewa, na ndani ya hewa ni oksijeni, ambayo ni takriban asilimia 21 yake. Injini ya gari nayo huvuta hewa kutoka nje. Kwa kuwa hewa iko kila mahali na hainunuliwi, lugha ya nyumbani haikuhitaji jina la pekee kwa kazi yake katika moto. Roketi, kinyume chake, huiacha hewa nyuma baada ya dakika chache, na hivyo hulazimika kubeba kile ambacho mpishi hukipata bure. Kitu hicho huitwa kioksidishaji. Oksijeni ya kimiminika ndiyo kioksidishaji mashuhuri zaidi, lakini si pekee: nitrojeni tetroksidi na asidi ya nitriki pia zimetumika.

Neno la tatu ni la jumla. Roketi husonga mbele kwa kutupa kitu nyuma kwa kasi kubwa. Chochote kinachobebwa ili kitupwe hivyo ni kisukumizi, wingi visukumizi. Shina lake ni sukuma, lile lile linalozaa msukumo. Maneno haya mawili yasichanganywe: msukumo ni kani, kisukumizi ni kitu chenye kujazwa tangini. Kwa kuwa neno kisukumizi ni la kiufundi na halijazoeleka kwa wasomaji wote, mfasiri anapolitumia mara ya kwanza alifafanue kwa kifungu kifupi, kwa mfano: "visukumizi, yaani fueli pamoja na kioksidishaji chake".

Kuchagua

Wahandisi hulinganisha visukumizi kwa vigezo kadhaa, na cha kwanza ni ufanisi. Kipimo chake hutajwa kwa sekunde: muda ambao kilo moja ya kisukumizi inaweza kutoa msukumo ulio sawa na uzito wa kilo hiyo duniani. Haidrojeni ikiungua na oksijeni hutoa matokeo mazuri sana. Injini kuu za vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikienda angani na kurudi, ambavyo Columbia ilikuwa kimojawapo, zilifikia takriban sekunde 452 katika ombwe. Injini za mafuta ya taa na oksijeni kwa kawaida hubaki kati ya 300 na 350 katika ombwe, na visukumizi yabisi huwa chini zaidi.

Kwa kipimo hicho peke yake, ingeonekana kwamba kila roketi ingetumia haidrojeni. Mwalimu wa Kirusi Konstantin Tsiolkovsky aliipendekeza pamoja na oksijeni katika maandishi yake ya mwaka 1903. Lakini Robert Goddard aliporusha roketi ya kwanza ya visukumizi vya kimiminika huko Auburn, Massachusetts, tarehe 16 Machi 1926, alitumia petroli na oksijeni. Petroli ilipatikana kwa urahisi, na haikuhitaji kupozwa.

Kigezo cha pili ni nafasi. Mita moja ya ujazo ya haidrojeni ya kimiminika ina takriban kilo 71 tu, ilhali ya oksijeni ya kimiminika ina zaidi ya kilo 1,100. Tangi la nje la vyombo vilivyotajwa lilibeba takriban tani 630 za oksijeni na tani 106 za haidrojeni. Oksijeni ilikuwa nzito karibu mara sita, lakini chumba cha haidrojeni kilikuwa kikubwa karibu mara tatu ya chumba cha oksijeni. Tangi kubwa lina uzito wake, nao hula sehemu ya faida iliyopatikana. Ndiyo sababu Saturn V ilitumia mafuta ya taa katika hatua ya kwanza, ambako nguvu kubwa ilihitajika katika umbo lisilopanuka kupita kiasi, na haidrojeni katika hatua ya pili na ya tatu.

Kigezo cha tatu ni uhakika wa kuwaka. Chombo kilichowatoa wanaanga wa Apollo juu ya uso wa Mwezi kilikuwa na injini moja ya kuwanyanyua, na hapakuwa na fundi wala injini ya akiba. Kwa hiyo kilichaguliwa kisukumizi cha jozi inayojiwasha: fueli ya jamii ya haidrazini na kioksidishaji cha nitrojeni tetroksidi. Vitu hivi viwili vikikutana tu, moto huzuka bila cheche wala kiberiti. Ufanisi wake ni mdogo kuliko wa haidrojeni, lakini katika kazi ile kuwaka bila kukosa kulikuwa na thamani kuliko sekunde za ufanisi.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mfano wake. Karibu na Malindi, nchini Kenya, Italia iliendesha jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini, ambako setilaiti zilirushwa kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 kwa roketi za Marekani ziitwazo Scout. Hatua zote nne za Scout zilitumia kisukumizi yabisi, kwa hiyo jukwaa halikuhitaji matangi ya oksijeni baridi wala mabomba yake. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, roketi hiyo ilirusha setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Anayeandika kwamba Uhuru "ilirushwa kwa mafuta" huwafanya wasomaji wafikirie pampu na mapipa, vitu ambavyo kisukumizi kile hakikuvihitaji.

Kutokana na mifano hii, kivumishi bora kitumike kwa uangalifu. "Fueli bora ya roketi" ni dai lisilokamilika mpaka liongezewe kazi: bora kwa hatua ya kwanza, kwa kuondoka Mwezini, au kwa safari ya miaka mingi. Methani imepata umaarufu hivi karibuni kwa sababu inakaa katikati: ina ufanisi kidogo kuliko haidrojeni, lakini haidai tangi kubwa kiasi kile wala baridi kali kiasi kile. Roketi ya kwanza ya methani kufika kwenye obiti ni Zhuque-2 ya China, mwezi Julai 2023.

Kuhifadhi

Oksijeni huchemka kwenye nyuzi 183 za selsiasi chini ya sifuri, methani kwenye takriban 161 chini ya sifuri, na haidrojeni kwenye 253 chini ya sifuri. Kuvihifadhi vitu hivi katika hali ya kimiminika ni kupambana na joto la mazingira bila kupumzika. Hata tangi lililokingwa vizuri hupoteza kiasi fulani kwa kuchemka. Mvuke hutolewa kupitia vali, na tangi huongezewa mpaka karibu na wakati wa kuruka. Wingu jeupe linaloonekana likitiririka ubavuni mwa roketi kabla ya kuwashwa si moshi, kwa kuwa hakuna kilichoungua. Ni unyevu wa hewa uliopozwa ukawa ukungu. Mfasiri wa filamu au habari asiandike moshi hapo.

Hapa pia ni mahali pa kuangalia kirai "maji ya oksijeni", ambacho hutokea pale mfasiri anapochukulia kila kimiminika kuwa maji. Maji ni kitu mahsusi. Oksijeni iliyopozwa iitwe oksijeni ya kimiminika.

Molekuli za haidrojeni ni ndogo sana, hivyo hupenya hata katika mwanya usioonekana. Majaribio ya kurusha Artemis I, roketi ya Marekani ya kurejea Mwezini, yalisumbuliwa na uvujaji wa haidrojeni mwaka 2022, na safari ikafanyika tarehe 16 Novemba mwaka huo. Kukinga baridi nako kuna gharama yake. Tangi la nje la Columbia lilifunikwa kwa povu gumu la kuzuia joto. Tarehe 16 Januari 2003, kipande cha povu hilo kilibanduka wakati wa kuruka na kugonga bawa la kushoto. Tarehe 1 Februari, chombo kilipokuwa kikirudi, gesi moto ya angahewa iliingia kwenye jeraha hilo. Chombo kilisambaratika na wanaanga wote saba wakafa. Visukumizi vyenyewe havikulipuka. Mlolongo wa maafa ulianzia kwenye kifuniko kilichohitajika kwa sababu visukumizi vile vilipaswa kubaki baridi.

Jozi zinazojiwasha hazina shida ya baridi kali. Huhifadhiwa katika joto la kawaida kwa muda mrefu, na kwa sababu hiyo zilipendwa na wanajeshi kwa makombora na bado hutumiwa katika setilaiti nyingi. Bei yake ni sumu. Mwezi Julai 1975, wanaanga watatu wa Marekani waliokuwa wakirudi kutoka safari ya pamoja na Wasovieti walivuta mvuke wa nitrojeni tetroksidi ulioingia ndani ya chombo wakati wa kushuka, na walilazimika kulazwa hospitalini Hawaii. Wote walipona. Taarifa inayosema kwamba "walivuta moshi wa mafuta" ingekuwa imekosea mara mbili: haukuwa moshi, na kilichovukizwa hakikuwa fueli bali kioksidishaji.

Visukumizi yabisi huhifadhiwa kwa namna nyingine kabisa. Fueli na kioksidishaji huchanganywa pamoja kama rojo zito, humiminwa ndani ya ganda la roketi, kisha huachwa vigande mpaka viwe kama mpira. Katika roketi mbili za ubavuni zilizosaidia kuinua Columbia na wenzake, takriban asilimia 70 ya mchanganyiko ilikuwa amoni pakloreti, chumvi yenye oksijeni nyingi, na asilimia 16 ilikuwa unga wa alumini. Hapa metali ndiyo fueli na chumvi ndiyo kioksidishaji. Neno mafuta halina hata pa kushika.

Kutumia

Katika injini kubwa ya visukumizi vya kimiminika, pampu huvuta fueli na kioksidishaji kutoka matangi mawili na kuvisukuma kwenye chumba cha kuunguzia. Gesi moto hupanuka, hutoka kwa kasi kupitia mdomo wa injini, na roketi husukumwa upande wa pili. Vali zikifungwa, moto huzimika. Katika baadhi ya injini unaweza kuwashwa tena. Kisukumizi yabisi hakina vali. Kikishawashwa, kwa kawaida huungua mpaka kiishe. Kwa hiyo kitenzi zima hakifai kwa roketi hizo. Husemwa zilimaliza kuungua.

Katika hali ya kutokuwa na uzito kuna shida nyingine: kimiminika hakikai chini ya tangi, kwa kuwa hakuna chini. Huelea, na pampu inaweza kuvuta gesi badala yake. Dawa moja ni kuwasha kwanza roketi ndogo zinazokisukuma chombo mbele kidogo, ili kimiminika kirudi nyuma ya tangi kwenye mdomo wa bomba. Katika matangi madogo hutumika utando wa mpira unaotenganisha gesi na kimiminika.

Eneo hili lina mtego mashuhuri wa tafsiri. Wahandisi wanaoandika Kiingereza husema kwamba injini "huungua" kwa muda fulani, wakimaanisha kwamba inafanya kazi. Tafsiri ya neno kwa neno, "injini iliungua kwa dakika 6", humpa msomaji wa Kiswahili habari ya ajali: injini imeshika moto na kuharibika. Hatua ya tatu ya Saturn V iliendesha injini yake kwa karibu dakika 6 ili kuwaondoa wanaanga katika obiti ya dunia kuelekea Mwezini, na kila kitu kilikwenda sawa. Iandikwe: "injini ilifanya kazi kwa karibu dakika 6" au "iliwashwa kwa karibu dakika 6". Kinachoungua ni visukumizi.

Pasipo na moto

Kuna vyombo ambavyo kisukumizi chake hakiungui kabisa. Voyager 1 na Voyager 2, vilivyorushwa mwaka 1977, hujielekeza kwa haidrazini isiyo na kioksidishaji. Haidrazini hupitishwa juu ya kichocheo cha metali, nayo huvunjika ikawa gesi moto. Kitenzi sahihi ni kuvunjika, si kuungua.

Dawn, kilichorushwa mwaka 2007 kuchunguza Vesta na Ceres, kilikwenda mbali zaidi na mazoea. Kilibeba takriban kilo 425 za zenoni, gesi isiyoungana kwa urahisi na kitu chochote. Umeme wa paneli za jua uliipa zenoni chaji na kuirusha nyuma kwa kasi kubwa mno. Nishati ilitoka kwenye Jua. Zenoni ilikuwa kitu cha kutupwa tu. Si mafuta, si fueli, si kioksidishaji, lakini ni kisukumizi kamili. Mfano huu mmoja unatosha kuonyesha kwa nini neno la jumla linahitajika: bila neno kisukumizi, mfasiri hana njia ya kuitaja zenoni ya Dawn bila kusema uongo.

Mfano wa mwisho: Apollo 13

Aprili 1970, tangi moja la Apollo 13 lililipuka njiani kuelekea Mwezini. Mtu asiyejua habari hii huweza kuandika "tangi la mafuta lililipuka", kwa sababu katika mazoea kinacholipuka ni mafuta. Lilikuwa tangi la oksijeni. Wala oksijeni hiyo haikuwa kisukumizi: ilikuwa ya kupumua na ya kuendesha seli za fueli, mitambo inayounganisha haidrojeni na oksijeni ikatoa umeme na maji. Ndiyo maana mlipuko uliwanyima wanaanga umeme na maji, jambo ambalo msomaji wa "tangi la mafuta" hawezi kulielewa. Oksijeni yenyewe haikuwaka; ilifanya ganda la nyaya lililokuwa ndani ya tangi liwake kwa ukali.

Somo hili halikai angani tu. Mtungi wa oksijeni wa hospitali unahitaji onyo lililoandikwa kwa uangalifu uleule. "Gesi hii huwaka" ni uongo, na "gesi hii haiwaki" ni ukweli unaoweza kumdhuru anayeuamini nusu. Onyo sahihi ni: "Gesi hii hufanya vitu vingine viwake kwa nguvu. Weka mbali na moto, mafuta na grisi."

Kwa muhtasari, kila mfasiri au mwalimu anapokutana na jina la kitu kilichojazwa kwenye roketi, ajiulize kazi yake:

- Kama huungua, ni fueli. Neno mafuta litumike pale tu fueli hiyo ni mafuta kweli, kama mafuta ya taa.
- Kama huwezesha kingine kuungua, ni kioksidishaji.
- Kama maandishi yanavitaja vyote kwa pamoja, au kitu kinatupwa nyuma bila kuungua, ni kisukumizi.
- Kama hakitupwi nyuma kuisukuma roketi, kwa mfano oksijeni ya kupumua, kitajwe kwa jina lake na kazi yake.

Sentensi iliyoanza makala haya nayo hurekebika kwa urahisi: "Roketi ilijazwa mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika, kisha ikaruka." Imeongezeka kwa maneno machache, na hakuna kilichofichwa.